Aliyeagwa kwa Uongo

Devotha alifika Istanbul Jumamosi saa saba mchana, na mwanamke wa mapokezi hotelini akampa kadi moja ya mlango badala ya mbili.

"Nyingine ameichukua mama yako," alisema kwa Kiingereza cha taratibu. "Ameshapanda juu."

Mama yake, Celestina, alizikwa kijijini kwao Mapera mwezi wa tano. Devotha hakubisha. Tangu msiba ule hakuna jambo lililokuwa likimgusa. Aliipokea kadi kama mtu anayepokea chenji. Kesho yake saa nne alitakiwa kupanda meli ya watalii, akafanye usafi vyumbani kwa miezi tisa. Kazi hiyo ndiyo aliyoitegemea kumlea Hilda, mwanawe wa miaka sita, aliyemwacha kwa mama mdogo Gertruda.

Barabarani magari yalipiga honi na wauza mikate waliita wateja. Chumbani kulinuka maganda ya kahawa yaliyochacha, kama nyuma ya nyumba yao wakati wa mavuno. Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa. Ndani maji yalimwagika, yakakoma.

Alipiga simu nyumbani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umefika kwa Wazungu?"

"Kwa Waturuki."

"Hao hao. Mbona unanong'ona?"

"Mama yuko bafuni."

"Ulipoondoka, ulipita kaburini kumuaga?"

"Nilipita. Nilimwambia naenda Songea, narudi Ijumaa."

"We mtoto! Unamdanganya marehemu kama unamdanganya mgambo?"

"Niliona aibu kumtajia miezi tisa."

"Basi Ijumaa imepita, ametoka kukutafuta. Mwambie ukweli, kwa sauti, halafu mrudishe nyumbani. La sivyo atapanda meli nawe."

Kitasa kikazunguka, na ile hatua aliyoijua, mguu wa kulia ukikanyaga na wa kushoto ukiburutwa tangu mwaka mama alipopata kiharusi, ikatoka kwenye vigae ikaingia kwenye zulia, ambako haikupaswa kusikika lakini ilisikika, ikapita mbele ya dirisha bila kuziba mwanga, ikafika kitandani, na godoro likabonyea polepole kando ya paja lake, huku ile harufu ikimjaa kooni.

Devotha aliongea akitazama ukuta. "Mama, nilikudanganya. Napanda meli, miezi tisa. Rudi nyumbani, unisubiri huko."

"Nyumbani kwa nani?" Sauti ilikuwa ya mama kabisa, haina hasira.

"Kwa Hilda." Hakuna jina jingine lililomjia.

Godoro likainuka. Harufu ikakatika.

Simu ilikuwa bado hewani. Gertruda akanong'ona.

"Devotha, umemwambia aende kwa nani?"

"Kwa Hilda. Kwani vipi?"

"Mtoto yuko chumbani peke yake, lakini anaongea na mtu. Anamuuliza miezi tisa ni siku ngapi." Alivuta pumzi. "Na anajibiwa. Rudi, mwanangu. Rudi leo."

Devotha aliitafuta hofu kifuani mwake, hakuikuta.

Kesho yake saa nne alikuwa bandarini, kwenye foleni ya wafanyakazi wapya. Walipewa fomu za kujaza. Palipoulizwa mtoto wake analelewa na nani, aliandika kwa mwandiko wake mzuri: Celestina, bibi yake.