Soma Mshale, Kaka

Waya ulikatika kwa kishindo ndege ikiwa bado inapanda, nao wawili wakarushwa huku na huku kama maharage ndani ya debe.

Ilikuwa ndege isiyo na injini, ya kuvutwa angani kwa waya na mashine iliyo chini. Mbele aliketi rubani. Nyuma yake mdogo wake wa kike, mpimaji wa mkazo wa waya, ambaye kaka mtu alikuwa amembandika jina la Mizani. Kipimo chenye mshale kilikuwa mbele, usawa wa macho ya kaka, ambako Mizani hakuweza kukiona. Tangu waondoke Mizani alikuwa akiuliza, "Mshale unasemaje?" na kaka akijibu, "Uko sawa, acha kelele." Hakuutazama hata mara moja.

Sasa ndoano ya ndege iliyoshika waya nayo ikagoma kuachia. Kipande kirefu cha waya kikaburuzika juu ya kinamasi, kikanasa kwenye panda ya mti na kuwavuta chini. Pua ya ndege ikazama topeni.

"Mguu umebanwa," kaka alisema. "Na maji yanapanda."

"Unatoka damu?"

"Sijui. Siuoni."

Mizani akamvuta kwapani, wapi! Machozi yakamlenga, akajikemea. Alishuka, akaushika waya na kujikokota hadi kwenye mti. Ncha ilining'inia upande wa pili wa panda. Akaizungusha kwenye shina la mti wa jirani, akairudisha na kuifunga kwenye waya uleule, kisha akachomeka tawi nene kati ya nyaya hizo mbili na kulizungusha kama mtu anayekamua blanketi. Waya ukajikaza, pua ikainuka kidogo.

Ungekatika tena, ungemkata yeye vipande viwili.

"Kaka! Soma mshale! Ukifika kwenye mstari mwekundu, sema, hapo waya hukatika!"

"Bado."

"Umeutazama, au unajisemea tu?"

"Nimeutazama, mdogo wangu. Zungusha."

Akazungusha. Hakulegeza.

"Acha!" kaka alipiga kelele. "Umefika!"

"Na maji?"

"Yako kidevuni. Acha hapo hapo!"

Angeweza kusema bado, ili ainuliwe zaidi. Mizani alilijua hilo, na likamchoma moyo. Alilifunga tawi kwa mkanda wake, akarudi mbio topeni, akapiga mbizi na kuchimba kwa kucha. Alipanda kuvuta pumzi, akazama tena. Hatimaye tope likalegea, mguu ukachomoka.

Mwendesha mashine aliwakuta ukingoni wamekumbatiana, wachafu kupindukia, wakilia na kucheka kwa pamoja. Aliwapa maji ya kunywa, wakanyang'anyana chupa.

Mguu ulipopona, kaka alirudi kwenye kiti chake, na Mizani nyuma yake. Waya mpya ukafungwa. Honi ya kuondoka ikalia.

"Ngoja kwanza," kaka alisema, akakiinamia kipimo.

Ndege ikaondoka, naye akaanza kuusoma mshale kwa sauti, namba baada ya namba, bila kuulizwa, mpaka miti ikawa midogo chini yao.

"Nimesikia, jamani!" Mizani alisema. "Acha kelele."

Kaka hakuacha.