Picha Haiponyi

Ndugu zangu, niwaeleze habari ya nyumba ya Saburi, jirani yangu hapa Nachingwea, maana majivuno yale yale bado tunayo na mimi nimechoka kunyamaza.

Ilikuwa nyumba ya raha. Jioni mkewe Swaumu alitwanga mtama, na mama yake Saburi, Bi Mwanne, alikaa mlangoni akibangua korosho na kutaniana na wapita njia. Saburi alikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali iliyojengwa wakati Waingereza walipolima hapa mashamba makubwa ya karanga. Alisomea kazi hiyo Dar es Salaam. Alifundishwa kumweka mgonjwa sawasawa, kujikinga na mwanga wa mashine, na kumweleza kila mtu kwamba picha humwonyesha daktari ugonjwa tu, haiponyi.

Hilo la mwisho alilitupa. Watu wetu waliamini kwamba mwanga ule unaunguza ugonjwa kifuani. Walitoka wakisema, "Ahsante, daktari, nimepona." Naye, kwa kupenda kuitwa daktari, alijibu, "Ndiyo, umepona. Nenda salama." Nilimsema sana.

"Mzee Lukumani," akanijibu, "wakifurahi kuna ubaya gani?"

Ubaya haukuchelewa. Bi Mwanne alianza kukohoa damu. Saburi akampiga picha, daktari akaitazama akasema ni kifua kikuu, alazwe achomwe sindano kwa miezi. Bi Mwanne, kwa kuwa amekwisha kupigwa picha, akafunga mzigo wake arudi kijijini kwake Naipingo kupalilia ufuta.

"Mama, picha si dawa," Saburi akamsihi.

"Watu wa kijiji cha Mandawa wamepona kwa picha yako. Uliwaambia mwenyewe."

"Niliwadanganya, mama."

Bi Mwanne akamshika shavu. "Nimekulea mimi, baba. Wewe si mwongo. Unataka tu nisiondoke."

Akaondoka. Ufuta haujavunwa, tukamzika huko huko Naipingo.

Matanga hayajaisha, akaja mtu wa Mandawa na mtoto anayekohoa, akiomba apigwe picha apone. Saburi akamweleza ukweli huku analia: mtoto aonwe na daktari, apewe dawa. Yule mtu akamchukua mtoto wake, akaenda zake akinung'unika kwamba Saburi ana choyo, anawanyima wenzake uzima. Hatukumwona tena, yeye wala mtoto.

MAFUNZO

Aliyefundishwa kazi aifanye yote, hata ile sehemu isiyomletea sifa. Na ukiwazoesha watu uongo, usitegemee watakusikia siku utakapowaambia kweli.