Blanketi Kwenye Dirisha la Kathini

Haya, tulieni niwaambie habari ya Kathini wa Makongeni, kule kwa nyumba za reli. Si habari ya kuchekesha sana. Lakini ina faida, kwa hivyo mnivumilie.

Kathini alikuwa anakaa na baba yake, Mutisya. Mama yake alifariki zamani. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na kajikoni. Mutisya alikuwa fundi wa fanicha kule soko la Gikomba. Kazi yake ilikuwa kupuliza vanishi kwa vitanda na kabati, zing'ae mpaka ukitaka kunyoa ndevu hutafuti kioo. Miaka thelathini alifanya hiyo kazi. Hiyo vanishi ndiyo ilimlipia Kathini chuo cha ubunifu.

Kathini alimaliza chuo akiwa na cheti na kabegi ka michoro. Alitaka kuchora vitambaa. Maua ya Ukambani, ndege, vitu vya kufurahisha macho. Alizunguka maofisini na hiyo michoro. Kila mahali wanamwambia, "Tutakupigia." Simu haikulia. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia.

Sasa siku moja mzee wa jirani akafa. Familia ikataka tisheti za matanga, zile zina sura ya marehemu. Kathini akamchora kwa mkono, akachapa. Watu wakalia. Wakasema, "Angalia Mzee, ni kama anataka kuongea!"

Kutoka hapo, mtu akifa mtaani, wanakuja kwa Kathini. Msichana aliyetaka kuchora maua akawa wa kuchora waliokufa. Hakupenda. Lakini kazi ni kazi.

Wacha niwaeleze vile inafanywa. Kuna fremu ya mbao yenye kitambaa chepesi kama wavu. Unaipaka dawa fulani. Hiyo dawa haitaki mwanga kabla ya wakati wake, ikiona jua mapema imeharibika. Kwa hivyo Kathini alipigilia blanketi kwa dirisha, na chini ya mlango akasukuma gunia. Dawa ikikauka, anaweka mchoro juu ya fremu na kuumulika kwa taa, sura inashika kwa wavu. Kisha anapitisha wino kwa fremu, sura inatokea kwa tisheti. Halafu anaosha wino kwa thina, ile ya kuyeyusha rangi. Yote hayo humo humo ndani. Blanketi hakulitoa tena. Aliona ni usumbufu kulitoa na kulirudisha kila siku.

Chuoni kulikuwa na madirisha makubwa, na feni mbili ukutani zikizunguka siku nzima. Hakuna siku Kathini alijiuliza zile feni ni za nini.

Baba yake alimfundisha jambo moja tu. "Mami, ukishika thina, jioni kunywa maziwa. Maziwa inaosha kifua. Sisi wote Gikomba tunachanganya vanishi na thina, na tunakunywa."

Basi jioni ni pakiti mbili za maziwa mezani, moja ya baba na moja ya mtoto. Wanakunywa, kila mtu na uchovu wake.

Kathini akaanza kuumwa na kichwa. Asubuhi anataka kutapika. Anaweka kalamu hapa, baada ya dakika anaitafuta kila mahali, kumbe anayo mkononi. Na mkono wenyewe ukaanza kutetemeka. Kidogo tu, kama wa mtu mwenye njaa.

"Baba, nadhani ni hizi sura," alisema. "Zinanimaliza. Labda kipaji kimeisha."

"Kunywa maziwa, mami," Mutisya akamwambia.

Halafu Jacky akafa. Jacky alisoma darasa moja na Kathini, shule ya msingi. Waligawana dawati, wakagawana mpaka chawa. Aliugua wiki mbili tu.

Mama Jacky alikuja Jumatatu na picha moja. Hakukaa chini.

"Tunazika Ijumaa, Murang'a," alisema. "Unamkumbuka mtoto wangu?"

"Namkumbuka, mama."

"Basi usinichoree malaika. Wengine wanachorewa malaika. Mimi nichoree Jacky. Na ule mwanya wake wa meno. Na vile alikuwa anacheka na upande mmoja."

"Nitamchora, mama."

Kathini alijifungia siku tatu. Alichora, akafuta, akachora tena. Mkono ulikataa. Alipitisha wino, akaosha na thina, akarudia. Jioni alikunywa maziwa. Siku ya tatu alikunywa pakiti mbili.

Alhamisi Mama Jacky akarudi. Kathini akamfungulia tisheti ya kwanza mezani. Mama akaangalia. Akaangalia sana. Mdomo ulikuwa umepinda. Jicho moja liko juu, lingine chini. Mstari wa shavu ulikuwa umekatika-katika.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni Jacky, mama."

"Huyu si mtoto wangu." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Nipe zile hujachapa."

Akabeba tisheti nyeupe tupu. Ijumaa wakamzika Jacky wakiwa wamevaa nyeupe, bila sura yoyote.

Alhamisi hiyo, Mama Jacky alipotoka tu, Kathini alijaribu kusimama. Chumba kikazunguka. Akashika meza, meza ikaanguka naye.

Aliyesikia kishindo ni Shamso, jirani wa mlango wa pili. Shamso ni mhudumu wa afya ya jamii, wale wanatembea nyumba kwa nyumba na begi mgongoni. Alisukuma mlango akarudi nyuma, leso kwa pua.

"Subhanallah! Hii harufu!"

"Harufu gani?" Kathini aliuliza kutoka sakafuni.

"Huisikii?"

"Sisikii kitu."

"Wewe Kathini, pua yako imezoea. Kuzoea si kupona. Toka nje!"

Akamvuta mpaka uani. Akarudi akang'oa blanketi, akafungua dirisha, akafunika mkebe wa thina. Halafu akakaa karibu na Kathini, akamuuliza pole pole. Kichwa kinauma? Unasahau? Unatetemeka tangu lini? Kathini akajibu yote.

"Si kipaji kimeisha," Shamso alisema. "Ni hewa ya thina. Unaivuta, inaingia kwa mapafu, inapita kwa damu, inapanda mpaka kichwani. Ndiyo inatetemesha mkono."

"Lakini mimi nakunywa maziwa."

"Maziwa inaenda wapi ukikunywa?"

"Tumboni."

"Na thina unavuta inaenda wapi?"

Kathini akajishika kifuani. Wakati huo Mutisya alikuwa amefika kutoka kazini, pakiti za maziwa kwa mfuko. Alikuwa amesikia.

"Shamso, usidanganye mtoto," alisema. "Mimi nimekunywa maziwa miaka thelathini, na niko hapa."

"Uko hapa, Baba Kathini, na Mungu ashukuriwe." Shamso aliingia kwake, akatoka na kikombe cha chai kilichojaa. "Shika, karibu chai. Kwa mkono mmoja."

"Kwani mimi ni mtoto?"

"Shika tu, mzee."

Mutisya akashika. Mkono ukatetemeka. Chai ikamwagika kwa vidole, kwa suruali, kwa kiatu. Alijaribu kukaza, ikawa mbaya zaidi. Hakuna aliyecheka. Kathini aliangalia ule mkono, akaangalia wake. Ilikuwa mikono ya watu wa nyumba moja kweli.

"Nilifikiri ni uzee," Mutisya alisema. Akaweka kikombe chini, kikiwa nusu.

Kesho yake Shamso aliwapeleka wote wawili kituo cha afya. Daktari akawapima, akasema maneno yale yale. Kathini akae mbali na thina kabisa, apumzike. Yeye ameguswa miezi michache, mkono utarudi. Kwa Mutisya, daktari aliandika muda mrefu. Halafu akasema, "Mzee, tunaweza kuzuia usiharibike zaidi."

Ndiyo hivyo. Mkono wa Mutisya haukurudi. Lakini aliacha kupuliza vanishi. Siku hizi anafunga bawaba za milango ya kabati, nje, penye upepo, na parafujo zinamtoroka akizishika. Wenzake walimcheka kwanza. Halafu wawili wakaanza kutoa kazi yao ya kupuliza nje ya kibanda. Wakafunga na vitambaa puani, lakini Shamso akawaambia kitambaa kinazuia vumbi, hakizuii hewa ya thina. Dawa ni upepo, na kufunika mkebe.

Kathini alikaa wiki sita bila kuchora. Zilikuwa wiki ndefu. Aliporudi, alitafuta wino wa maji, ule unaoshwa na maji ya bomba. Dawa ya fremu anaipaka ndani, blanketi likiwa kwa dirisha, kwa sababu ile haina thina. Akimaliza analitoa, analikunja, dirisha linafunguliwa. Siku akilazimika kushika thina, anaenda uani, mbali na jiko, glavu mkononi, na anarudi ndani mkebe ukishafunikwa. Kichwa kiliacha kuuma. Mstari wa kalamu ukanyooka, pole pole, kama mtoto anajifunza kutembea.

Mwaka ulipofika, familia ya Jacky ikataka ibada ya kumkumbuka. Mama Jacky hakuja. Kathini hakuitwa. Lakini alichora. Akachapa tisheti moja, akaipeleka mwenyewe, akabisha.

Mama Jacky aliifungua mlangoni. Akaweka kidole kwa ule mwanya. Akakipitisha kwa ule mdomo unaocheka na upande mmoja.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyu." Halafu uso ukabadilika. "Kwa nini hukunichorea hivi siku ile?"

"Siku ile nilikuwa nimeziba dirisha, mama. Hewa ya thina ilinishika mkono."

Mama Jacky aliivaa ile tisheti juu ya nguo yake, hapo hapo mlangoni, akainyoosha kifuani na mikono miwili. Halafu akasogea kando, Kathini apate kuingia.