Sufuria Iliyopashwa Moto Tupu

Jamani, kaeni vizuri. Na kama kuna aliyeacha kitu jikoni, akazime kwanza, maana hii siisimulii huku moto unawaka.

Sufuria yenyewe ilikuwa na joto. Ilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya makarai, kwenye kona ya duka ambako jua halifiki, na bi harusi mtarajiwa alipoigusa aliurudisha mkono haraka.

"Mama, hii ina joto. Kama kitanda ambacho mtu ametoka kukilalia sasa hivi."

"Hebu niione," alisema mama yake.

Mtaani walimwita Mama Kagua, na wala hawakumwonea. Nyanya moja aliweza kuigeuza mpaka muuzaji akashikwa na kizunguzungu. Mumewe alifariki binti akiwa bado ananyonya, akamlea peke yake, huyo huyo mmoja, roho yake yote. Sasa binti anaolewa, na mama ameapa kwamba haingii nyumba ya watu na vyombo vya ovyo. Utaratibu wa duka ulikuwa mzuri: bi harusi anachagua anavyovitaka, muuza vyombo anavifunga utepe mwekundu na kuviweka kando, kisha ndugu na marafiki wanapita, kila mmoja analipia zawadi yake. Kwa hiyo kazi ya siku ile ilikuwa kuchagua tu. Lakini kuchagua na Mama Kagua, wee! Vikaango alivikataa kwa sababu mipini inacheza. Seti nzima ya sufuria aliikataa kwa sababu, alisema, ukikohoa karibu nayo inabonyea.

Hii ya chini, lakini, ilikuwa nzito, kitako kinene, mfuniko umekaa barabara.

"Hiyo sikuiagiza mimi," alisema muuza vyombo, akishusha sauti. "Niliikuta tu kwenye mzigo. Achana nayo, mama yangu."

"Ahaa! Kizuri unakificha, sisi unatupa mabati. Niwashie jiko."

"Sufuria tupu haipashwi moto, mama."

"Ndiyo maana naipasha! Kibovu kikipata moto kikavu kinajikunja kitako hapo hapo. Usinifundishe vyombo, nimepika kabla hujazaliwa."

Jiko la kuonyeshea wateja lilikuwa juu ya meza. Aliliwasha mwenyewe, moto wa juu kabisa, akaiweka.

Kwanza walisikia mkwaruzo mdogo ndani, kama wa kucha. Halafu mfuniko ukatikisika. Halafu ikatoka sauti nyembamba, inapanda, inashuka, inakatika, inaanza tena, na binti akamng'ang'ania mama yake mkono.

"Mama, kuna kitu kinalia. Fungua."

"Mvuke huo." Mama Kagua alikunja kitambaa, akaukandamiza mfuniko kwa mikono miwili. "Mfuniko mzuri haupitishi mvuke. Ngoja tuone ubora wake."

"Mama, nakuomba! Fungua!"

Hakufungua mpaka ndani kulipotulia. Hakukuta kitu, ila majivu kidogo ya kushikika kwa vidole viwili, na harufu ya nywele zilizoungua. Aliyafuta kwa pindo la gauni lake, akaigeuza sufuria, akapitisha kiganja kwenye kitako. Kilikuwa kimenyooka vile vile.

"Hii nakulipia mwenyewe," alimwambia binti yake, amefurahi kweli. Muuza vyombo hakuwepo tena mezani. Alikuwa nje barabarani, kichwa ameshika kwa mikono yote miwili.

Sufuria wakaenda nayo nyumbani. Gauni lile lilifuliwa, likaanikwa, likafuliwa tena, na harufu haikutoka. Kesho yake mchana, Mama Kagua alikuwa uani akichagua mchele aliposikia mtu jikoni anabembeleza mtoto. Sauti ya mwanamke, ya chini, ya upole. Ilibembeleza kidogo, ikanyamaza ghafla, kama ya mtu aliyefunua shuka akakuta hakuna aliyelala. Kisha vyombo vyote jikoni vikaanguka kwa pamoja.

Alikimbia ndani. Vyombo vilikuwa chini, sufuria peke yake imesimama katikati ya sakafu, mfuniko umefunguka.

Na hapo hapo akamsikia binti yake chumbani anapiga kelele.

Mlango wa chumba kile haukuwa na kufuli, komeo lake lilikatika zamani, lakini Mama Kagua alisukuma na mlango haukwenda, akasukuma kwa bega na mbao zikamuunguza bega, akaweka kiganja na kiganja kikababuka, na ndani binti analia kwamba hewa imekwisha, kuta zinawaka, mama nifungulie, mama nakuomba nifungulie, huku kucha zake zikikwaruza mlango kwa ndani, na mama huyu mwenye nguvu za kubeba gunia akagonga, akapiga teke, akaita kila jina alilowahi kumwita mwanawe tangu utotoni, na alivyozidi kusukuma ndivyo alivyohisi kabisa, kwa upande wa pili, mikono miwili imeukandamiza mlango, mikono iliyotulia, isiyo na haraka yoyote, inangoja kuona.

Mganga aliishi nyumba ya nyuma, mama mmoja mnene anayeshona viatu na kutania wapita njia. Alikuja mbio na sindano bado mkononi. Alivuta pumzi mlangoni, akanusa, utani wote ukamtoka.

"Umechoma nini, dada yangu?" alinong'ona.

"Sijachoma kitu!"

"Muongo," ilisema sauti kutoka kwenye sufuria kule jikoni. Ni ile ile iliyokuwa ikibembeleza. "Nilimwacha amelala, nikaenda kumtafutia chakula. Narudi, namkuta kwenye pindo la gauni lako."

Mama Kagua alianguka magoti. "Sikujua! Wallahi sikujua!"

"Alilia. Hukumsikia?"

"Nilisikia... nilidhani ni mvuke."

"Sufuria haikuwa na maji."

Chumbani sauti ya binti ilikuwa imeanza kufifia.

"Taja unachotaka," alisema mganga. "Taja, upewe, uende."

"Nataka mtoto."

"Nichukue mimi!" Mama Kagua alijipiga kifua. "Nimekosa mimi, mikono hii hapa, ichome! Mwanangu usimuue!"

Sauti ikacheka, na kicheko kile kilikuwa kimejaa chuki mpaka mganga akaziba masikio.

"Nimuue? Wewe ndiye unayeua watoto. Nimesema nataka mtoto."

Mlango ukafunguka wenyewe. Binti alikuwa ameketi sakafuni, mzima, ngozi baridi, bila hata lengelenge. Mama Kagua alimkumbatia akilia kwa sauti, akamshukuru Mungu, akamshukuru mganga, hata sufuria karibu aishukuru. Binti alikaa kimya mikononi mwake.

Mganga aliifunga sufuria kwa magunia, akaondoka nayo kwenda kuitupa anakokujua mwenyewe.

"Ametoka?" Mama Kagua alimuuliza aliporudi.

"Ametoka kwenye sufuria," alisema mganga. Hakukaa, hakunywa hata maji, na kuanzia siku ile akiwa anashona viatu aliupa mgongo ua wa nyumba ile.

Harusi ilifana. Bi harusi hakusema neno na mtu, watu wakamsifia haya zake. Mama yake naye akajiambia kwamba mtoto bado ana mshtuko, ataongea akitulia kwake. Alisubiri aitwe. Hakuitwa. Mwishowe uvumilivu ukamshinda, akajifunga khanga, akaenda, akabisha hodi kwenye nyumba mpya ya mwanawe.

Binti alifungua. Amenawiri, amependeza, uso umejaa tabasamu la heshima.

"Shikamoo. Karibu. Unamtafuta nani?"

"Mwanangu! Acha utani. Mimi mama yako!"

Binti alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyepotea nyumba. Jikoni mtu aliyekuwa anabembeleza akaacha. Sauti ile ya upole ikauliza:

"Nani huyo, mwanangu?"

"Simjui, mama," binti alijibu, mkono ukiwa umeshaanza kuusukuma mlango. "Kuna mwanamke tu hapa, analia."