Maharagwe Mezani pa Masœur

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Kadutu, mtaa wetu, mama alimwaga maharagwe kwenye ungo na kumwita Firmin. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano. Alikuja akifikicha macho, akachuchumaa mbele ya ungo, na kazi ikaanza: mekundu upande huu, ya njano upande ule, yenye madoadoa katikati, na yaliyotobolewa na wadudu kando, ya kuku.

"Mekundu iko ngapi?" mama aliuliza.

Firmin alihesabu kwa Kimashi, lugha yetu ya nyumbani, polepole, akigusa kila moja kwa kidole. "Kenda!"

"Nikikula mawili?"

"Utaumwa tumbo, mama. Ni mabichi."

Mama alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Jibu, wewe mjanja!"

"Inabaki saba."

Mama alinunua maharagwe kwa wakulima wa Kabare na kuyauza soko la Nyawera. Wateja walimpenda kwa sababu ya kwake yalikuwa yamechambuliwa. Aliyabeba mgongoni ndani ya kikapu, ukanda wa kikapu ukipita kwenye paji la uso, kama wanawake wote wa kwetu. Ukanda ule ulikuwa umemchimbia alama, mfereji mdogo uliotoka sikio moja hadi la pili. Hata alipotua kikapu, mfereji ulibaki.

Mimi, Constance, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa mwaka wa tano kwa masista, na hakuna msichana darasani aliyenishinda Kifaransa. Siku moja, tukitoka shule, tulikutana na mama njiani amebeba mzigo. Rafiki yangu Valérie, ambaye mama yake alivaa viatu hata akienda kuteka maji, alininong'oneza, ila kwa sauti ya kusikika na wote: "Kosi, mama yako wamemchorea barabara usoni. Gari itapita lini?"

Wenzangu walicheka. Nami nilicheka pamoja nao. Tangu siku hiyo, kila nilipomwona mama kwa mbali, nilibadilisha njia.

Agosti ya mwaka 1956, barua ya papa, baba yetu, ilifika. Papa alikuwa karani wa kazi ya barabara, na walikuwa wamempeleka Shabunda kwa miezi mingi. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyesoma. Papa aliandika kwamba masista wanafungua gardienne, darasa la watoto wadogo kabla ya mwaka wa kwanza, na kwamba nafasi ni thelathini tu. Kisha aliandika hivi: "Constance amfundishe Firmin maneno ya Kifaransa, na mama aendelee kumfundisha kama anavyofanya, maana anamfundisha vizuri."

Nilisoma kwa sauti: "Constance amfundishe Firmin maneno ya Kifaransa." Nikakunja barua.

"Ni hiyo tu?" mama aliuliza.

"Ni hiyo tu, mama."

Alinitazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali. Uongo ule ulikuwa mdogo, wa kuruka maneno tu.

Kesho yake nilichukua ungo, nikautundika ukutani mahali ambapo Firmin hakufika. Nilimkalisha kwenye kigoda na kushika rula. "Sema: *Je m'appelle Firmin. J'ai cinq ans.* Naitwa Firmin, nina miaka mitano."

"Yaya," aliniita, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa, "maharagwe iko wapi?"

"Kule gardienne hawachambui maharagwe. Sema!"

Akasema. Akikosea, nilimgonga vidole kwa rula, si kwa nguvu, lakini kila mara. Juma la kwanza alilia. Juma la pili aliacha kulia, akaanza kujificha nyuma ya mlango aliposikia sauti yangu. Juma la tatu aliyajua maneno yote, ila aliyasema akiangalia chini, haraka haraka, kama mtu anayekimbia mbwa.

"Kosi," mama alisema siku moja, akiufuta ungo vumbi, "mutoto haiko kasuku."

"Mama, wewe hujui mambo ya shule."

Nilisema hivyo. Mama yangu aliyenilipia shule kwa shingo yake, nilimwambia hivyo. Aliurudisha ungo ukutani.

Siku ya kuandikisha ilifika, mwanzo wa Septemba. Mama alikuwa anakwenda sokoni, na shule ilikuwa njiani, kwa hiyo tuliondoka pamoja. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Njia yote ilikuwa matope. Nilivaa robe, gauni langu la Jumapili, na kumshika Firmin mkono. Mama alitufuata na kikapu chake. Tulipofika kwenye lango nikawaona wazazi wengine: akina baba wenye kofia, akina mama wenye viatu, na katikati yao mama yake Valérie na mwavuli.

"Mama, baki hapa nje," nilimwambia. "Masœur hapendi mizigo ndani."

"Sawa," alisema. Akasimama chini ya dirisha la darasa, kikapu mgongoni.

Ndani alikuwa Masœur Marie-Louise, mtawa wa Kizungu mrefu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama mstari wa rula. Mbele yake palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe na daftari la majina.

"Mama wa mtoto yuko wapi?"

"Hakuja, Masœur."

Alitazama dirishani. "Na yule mwanamke mliyekuja naye?"

Valérie alikuwa amesimama karibu na mlango na kaka yake mdogo, akinitazama. "Yule?" nikasema. "Yule ni mtumishi wetu. Anatubebea vitu."

Dirisha lilikuwa wazi. Sikugeuka kutazama.

Masœur aliinama kwa Firmin na kumwuliza jina lake kwa Kifaransa. Firmin alinitazama mkono. Sikuwa na rula, lakini macho yake yaliitafuta. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Masœur akauliza tena, kwa Kiswahili: jina lako nani, una miaka mingapi, unaweza kuhesabu? Firmin aliangalia vidole vyake, akavificha nyuma ya mgongo. Chini yake, kwenye sakafu iliyosuguliwa, maji kidogo yakaanza kusambaa.

"Basi," Masœur alisema kwa upole, akafunga daftari. "Huyu bado. Arudi mwaka ujao."

Mwaka mzima! Na barua ya papa, na majuma matatu ya rula! Nilitaka ardhi inimeze, si kwa ajili ya Firmin, nakiri, bali kwa ajili ya Valérie aliyekuwa anacheka ndani ya kiganja.

Ndipo nikasikia miguu. Mama aliingia bila kuitwa na bila kubisha hodi, peku, akiacha nyayo za matope juu ya sakafu yote. Hakunitazama. Alishusha kikapu, akachota maharagwe kwa mikono miwili, akayamwaga juu ya kitambaa cheupe cha Masœur.

"Firmin," alisema kwa sauti ya kila asubuhi, "wateja wanangojea."

Firmin alivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Alipanda kwenye kiti, mikono ikatoka nyuma ya mgongo. Mekundu huku. Ya njano kule. Vidole vilikwenda haraka, na sauti ilirudi: alihesabu kwa Kimashi, kisha mama akamwambia, "Masœur haelewi, mwambie kwa Kiswahili," akahesabu kwa Kiswahili. Mekundu kumi na manne. Ya njano kumi na moja. Mekundu yanazidi kwa matatu. Mwishowe alichukua haragwe moja lenye tundu, akampa Masœur mkononi.

"Hii imetobolewa," alimweleza. "Hii utapa kuku."

Masœur alilitazama lile haragwe muda mrefu. "Nani alikufundisha?"

"Mama," Firmin alisema, akaegemeza kichwa chake kwenye tumbo la mama yetu.

Masœur alinigeukia. "Constance. Ulisema huyu ni mtumishi."

Nilimtazama mama kwa mara ya kwanza siku ile. Jasho lilikuwa linapita ndani ya mfereji wa paji lake. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka tu. Ningependa anipige. Nilipiga magoti pale pale, robe ya Jumapili ndani ya matope yake. "Nilisema uongo, Masœur. Ni mama yangu. Mama, nisamehe."

"Simama," mama alisema. "Tutazungumza nyumbani."

Masœur alifungua daftari na kuandika jina la Firmin. Kisha aliweka kalamu chini. "Jumatatu mtoto aanze. Lakini wewe, mama, huingii darasani bila kuitwa, na matope, na kumwaga vitu mezani pangu. Jumatatu utakuja kuniomba radhi."

Mama alikusanya maharagwe yake, yote, mpaka la mwisho. "Jumatatu nitamuleta mutoto," alisema.

Mchana ule, aliporudi kutoka sokoni, nilimletea barua ya papa bila kuombwa. Niliisoma upya, neno kwa neno, pamoja na lile nililoliruka. Mama alisikiliza akichambua. Nilipomaliza, alisogea kidogo akanipa nafasi mbele ya ungo. Nilichuchumaa kando ya Firmin, naye akanifundisha yaliyotobolewa yanavyotambulika, kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo kwake.

Jumatatu mama alimpeleka Firmin. Masœur alikuwa mlangoni, mikono ndani ya mikono ya kanzu yake, akingojea. Mama alimsalimu vizuri, akaweka mkono wa Firmin mkononi mwake, akapandisha kikapu, akaenda zake Nyawera. Masœur alimsindikiza kwa macho mpaka kona. Kisha akamwingiza mtoto ndani. Kuanzia juma lile, Firmin alituambia, palikuwa na sahani ya maharagwe juu ya meza ya gardienne.

Papa aliandika tena. Habari zilikuwa zimemfikia Shabunda, sijui kwa kinywa cha nani. Alifurahi kwamba Firmin ameingia, ila aliuliza kama mama alimwomba Masœur radhi, maana watu wanaongea.

Mama alikaa juu ya kigoda, akafuta mikono. "Chukua karatasi, Kosi. Andika yote, usiruke."

Nilichovya kalamu.

"Andika: Mutoto anaanza shule nyumbani, kwa mikono ya yule anayemulea, na anajifunza akiwa anacheka. Akiogopa, hata anachojua kinamukimbia. Constance amelijua hilo sasa. Andika: Constance alisema uongo juu yangu, akaomba radhi, nikamusamehe, na jambo lile limekwisha."

Niliandika.

"Andika: Matope ya sakafu nilirudi na kitambaa, nikayafuta mwenyewe siku ile ile. Lakini radhi ya kuingia pale mwanangu alipokuwa anazama, sikuomba." Alingoja kalamu yangu ifike. "Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Ongeza: na sitaomba."