Aliyenyonyesha Nyuma ya Blanketi

Chupa ilikuwa bado imejaa, lakini mdomo wa ndama ulikuwa na povu la maziwa.

Nyanjige alisimama mlangoni mwa banda akimtazama yule mtoto wa tembo. Alikuwa ametoka mara moja tu, kwenda jikoni kukoroga maziwa ya alfajiri. Akamsogezea chupa. Ndama akageuza kichwa kama mtu aliyeshiba.

"Maganga! Umemnyonyesha huyu?"

Maganga, mlezi mwenzake, alitokea na mswaki mdomoni. "Mimi? Nina matiti mimi?"

"Sitanii."

"Basi umemnyonyesha mwenyewe huku unaota. Nyie watu wa Mkula mnalala hata mkitembea."

Nyanjige hakucheka. Alilinusa lile povu. Yalikuwa maziwa, lakini si maziwa ya unga waliyokuwa wakikoroga pale kituoni.

Kituo chao kilikuwa mpakani mwa hifadhi, ng'ambo ya Kimali, na kazi yake ilikuwa kuwalea watoto wa wanyama waliobaki bila mama. Huyu tembo alitolewa kwenye kisima walichochimba wafugaji katika mchanga wa mto Semu wakati wa kiangazi. Kundi lake lilimsubiri, likachoka, likaenda zake. Walimvuta kwa kamba akiwa amejaa tope jeusi lililonuka kama chuma na mayai viza.

Mtoto wa tembo hakubali kunywa akiwa amesimama peke yake. Anataka ubavu wa mama wa kuegemea. Kwa hiyo mlezi hutundika blanketi zito kwenye kamba na kusimama nyuma yake. Ndama huegemeza mkonga wake kwenye blanketi, na chupa hupitishwa chini. Hapo hunywa kwa amani, akijua mama yupo upande wa pili. Mama huyo alikuwa Nyanjige.

Aliacha shule kidato cha pili ili amuuguze mama yake, na mama alipozikwa hakuna aliyemwambia arudi darasani. Mzee Athanasi, mkuu wa kituo, alimchukua kwa majaribio. "Ndama huyu akipona, kazi ni yako," alimwambia. Nyanjige aliitaka kazi, lakini ndama alimtaka zaidi. Hakuwahi kukutana na kiumbe kingine kilichoachwa kama yeye.

Siku za kwanza ndama alilia kuanzia magharibi hadi kunakucha. Kwao Nyanjige, mtoto mchanga akilia hivyo, bibi humpakata na kumtajia majina ya wafu wa ukoo. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake, maana mwenyewe amekuja kulidai. Nyanjige akajaribu, nusu mchezo, nusu kuchoka. Alitaja mababu, akataja mashangazi. Ndama alizidi kulia. Likabaki jina moja, ambalo hakuwa amelitamka tangu mazishini.

"Kwandu," alisema.

Ndama alinyamaza katikati ya kilio, kana kwamba amezibwa mdomo.

Kuanzia hapo alilala vizuri, na kuanzia hapo alianza kukataa chupa. Tumbo lilikuwa limejaa, lakini mbavu zilijitokeza na ngozi ya mgongoni ikalegea kama gunia tupu. Daktari wa mifugo aliyetoka Bariadi alimpima, hakuona ugonjwa.

"Asipokunywa, hamalizi juma hili," alisema, akapanda gari lake.

Usiku ule Nyanjige alilala bandani, juu ya majani makavu karibu na ndama. Aliamshwa na harufu. Ilikuwa harufu ya moshi wa kuni na mafuta ya mbegu za pamba, harufu ya kanga ya mama yake, na kabla hajaogopa alifurahi. Kisha akasikia ndama akinyonya. Mbalamwezi iliingia kwenye nyufa za mbao, na akaona blanketi limetuna katikati, limejaa kama ubavu wa ng'ombe mwenye mimba, likipanda na kushuka taratibu kama kitu kinachopumua, na ndama ameegemeza mkonga wake pale na macho yake ameyafumba, na chini ya blanketi, mahali ambapo miguu ya mtu ilipaswa kuonekana, palikuwa na majani makavu tu ambayo hayakulaliwa wala kukanyagwa.

"Mayu?" alinong'ona, kama alivyomwita mama yake tangu utotoni.

Kunyonya kukakoma.

"Ng'wanone," sauti ikajibu, mwanangu, sauti ileile, yenye mkwaruzo uleule wa kifua kilichougua. "Na wewe una njaa. Njoo."

Alikuwa ameshapiga magoti, ameshanyoosha mkono, ndipo chini ya moshi na mafuta akasikia harufu nyingine, ya chuma na mayai viza. Alitoka mbio na kuacha mlango wazi.

Asubuhi walikuta upande wa nyuma wa blanketi umelowa tope jeusi.

Maganga hakutania tena. Aliwasha pikipiki, akaenda Kimali, na jua lilipofika utosini alirudi na Bibi Lukresia, mganga, aliyebeba kaniki na kibuyu.

"Mwadila, mayu," Nyanjige alimsalimu.

"Mwadila, mwanangu."

Mzee Athanasi aliwazuia mlangoni. "Bibi, mimi ni Mkatoliki. Na kituo hiki kina wafadhili."

"Hao wafadhili watakuletea tembo mwingine?" Lukresia alimuuliza. Mzee akasogea pembeni.

Nyanjige alimweleza yote. Bibi alilisikiliza lile jina, akatikisa kichwa.

"Mama yako amelala Mkula. Huku porini angefuata nini? Kitu hiki kilikuwa kisimani, kikapanda na ndama. Hakikuwa na jina la kuingilia ndani, ndiyo maana kilikaa nje. Wewe ukakipa. Sasa lichukue jina lako. Mwambie: wewe si mama yangu. Useme kwa moyo, siyo kwa mdomo."

Walimfunika ndama kwa kaniki. Lukresia akanyunyiza dawa ya kibuyu kuzunguka banda. Nyanjige alisimama mbele ya blanketi, mchana kweupe, na hapakuwa na upepo, lakini blanketi likaanza kutuna.

"Jina hili ni la mama yangu, aliyezikwa Mkula," alianza. "Nalirudisha. Wewe..."

"Ng'wanone," blanketi likasema, polepole, akasikia yeye tu. "Unanifukuza mara ya pili? Hata kaburini uliondoka kabla ya wengine."

Nyanjige alipiga hatua moja kulielekea blanketi.

"Sema!" Lukresia alifoka.

"Wewe si mama yangu," Nyanjige alisema. Na moyoni, mahali ambapo bibi hakuweza kufika, akasema: nisamehe, mayu.

Blanketi likasinyaa. Ndama akapiga kilio kikali, akaikimbilia chupa mikononi mwa Maganga, akanywa bila kuegemea chochote, akamaliza, akadai nyingine. Maganga aliruka kwa furaha. Mzee Athanasi alijifuta macho kwa kofia. Blanketi walilichoma nyuma ya choo.

"Kazi ni yako," mzee alimwambia Nyanjige.

Jioni walipakua ugali na nsansa, mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa. Nyanjige alimega tonge, akalirudisha.

"Kula basi, mama tembo," Maganga alisema. "Tangu jana hujatia kitu mdomoni."

"Nimeshiba," alijibu, na ilikuwa kweli.

Akaenda kulala chumbani kwake. Kabla ya mapambazuko alizinduka, midomo imelowa. Aliipangusa kwa kiganja, na kiganja kikawa cheupe. Shuka lake, alilokuwa amejifunika, lilining'inia kwenye kamba ya nguo kando ya kitanda. Lilikuwa limetuna, na lilipumua.

Chumba cha Maganga kilikuwa nyuma ya ukuta tu. Angeita mara moja angesikika.

Nyanjige alisogea, akaegemeza shavu lake pale penye joto, akafumba macho.