Kastabini ya Marehemu

Sindano ilikuwa na uzi.

Mama Chiriku alifungua mlango wa chumba cha kazi, akasukuma dirisha ili mwanga uingie, akaketi mbele ya cherehani yake. Kabla hajanyoosha mkono akauona: uzi mweupe umepita kwenye tundu la sindano, ncha imeachwa ndefu, imekatwa kwa meno na kuchanuka kama ufagio mdogo. Jana jioni aliiacha ile sindano tupu. Alijaribu kuitia uzi mpaka macho yakamtoka machozi, akashindwa, akaifunika mashine na kwenda kulala.

Mtu mmoja tu alimtilia uzi namna ile, na mtu huyo walikuwa wamemzika.

Mume na mke walikuwa mafundi wote wawili. Mashine zao zilitazamana, meza zikigusana, na kati yao palikuwa na rundo la vitambaa ambalo Chiriku, binti yao, alilifanya kitanda chake cha mchana. Macho ya mke yalikwisha kuchoka, kwa hiyo uzi ukikatika mume aliinuka, akamtilia, kisha akagonga meza mara mbili kwa kastabini, kile kikofia cha chuma ambacho fundi huvaa kidoleni asijichome. Maana yake, tayari. Mkewe naye alijibu, "Karibu, fundi," bila kuinua uso. Hakuna aliyekumbuka mchezo ule ulianzaje. Wateja waliwacheka kwamba wanapigiana hodi ndani ya nyumba yao wenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mume hakuliacha hata siku moja. Asubuhi, kabla ya kukanyaga, alitia tone la mafuta kwenye gurudumu, akaweka kiganja juu ya mashine na kusema, "Bwana, mikono ni yako, kazi ni yako, na jioni yetu iko kwako." Mkewe aliitikia amina huku ameshaanza kushona. Imani aliiona ni shughuli ya mume, kama vile kukata kola ilivyokuwa shughuli yake yeye. Hakuipinga. Alimwachia.

Kifua kilipomlaza mume hospitalini, mwanamke yule alipiga magoti sakafuni kando ya kitanda na kuomba kwa maneno yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani. Aliomba kitu kimoja tu. Jioni ya mwisho muuguzi alipomwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha, mume alimshika vidole, akatabasamu, akamwambia, "Nenda ukapumzike, Bosi. Siko peke yangu." Bosi ndilo jina alilomtania nalo tangu walipooana. Kulipokucha alikuwa amekwenda.

Tangu siku ile Mama Chiriku aliendelea kutia mafuta mashine, lakini hakusema neno. Mchungaji alipokuja kumfariji alimpisha kiti kwa adabu, akamwambia ana kazi za watu.

Sasa alikaa akiutazama ule uzi. Na hapo, upande wa pili, kwenye meza ya marehemu, pakagongwa mara mbili.

Aliijua sauti ile ya chuma juu ya mbao. Alijua pia kastabini iko wapi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemvisha mumewe kidoleni kabla jeneza halijafungwa. Alilijua hilo barabara. Lakini moyo uliovunjika hauna subira ya kuhoji, na mdomo ukatangulia.

"Karibu, fundi," alisema.

Chumba kikaingia harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi na kusahauliwa kabatini.

Mwanzoni palikuwa na raha ndani yake, na hilo ndilo lililomtia aibu baadaye kuliko hofu yote. Kila asubuhi aliikuta sindano tayari. Kisha ikaja sauti, ya chini, kutoka nyuma ya mashine ile nyingine: "Bosi, uko?" Ilikuwa sauti ya mumewe hasa, na ukavu wake wa kooni na jinsi alivyolivuta neno la mwisho. Mama Chiriku alijibu kwamba yupo, akalia, akashona huku analia. Aliacha kwenda kwa majirani. Kanisani hakukanyaga tena. Angeenda kufanya nini? Alichomwomba Mungu akanyimwa alikuwa amekipata hapa bila kuomba.

Chiriku aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa msemaji kuliko redio, lakini baba yake alipofariki alinyamaza kimya. Sasa alianza tena kuongea. Aliongea akiwa amejikunyata juu ya vitambaa, uso ameuelekeza chini ya meza ya baba yake, akinyamaza kidogo, akiitikia, akicheka. Mama yake alifurahi. Halafu siku moja wakati wa kula mtoto alisukuma sahani na kusema ameshiba, na ukimtazama ulimwona mashavu yamebonyea.

"Baba ananipima," alisema.

"Anakupima nini?"

"Mabega. Na hapa. Mikono yake imelowa."

Mama Chiriku alisikia, akajifanya hajasikia. Aliinuka kuosha vyombo.

Wifi yake ndiye aliyeivunja hali ile. Dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mnene mwenye utani mwingi, alikuwa akija pale siku za kazi nyingi kupiga pasi na kushona vifungo. Tangu msiba hakuwa amerudi. Hakuweza kukiona kiti cha kaka yake. Alikuja siku ya mvua, mchana, mbingu imefunga na umeme umekatika, akajikung'uta maji mlangoni.

"Wifi, umekonda mpaka kivuli chako kinakuzidi uzuri," alisema. "Kaka yangu angekuona angedai mahari yake irudishwe."

Mama Chiriku hakucheka. Wifi akamtazama, akamtazama na mtoto aliyelala juu ya rundo, akaenda kumgusa paji la uso. Akauondoa mkono upesi. Kisha akaona kilichokuwa juu ya mashine ya kaka yake, chini ya kifuniko kilichoinuka upande mmoja.

Lilikuwa gauni dogo jeupe. Alilinyanyua kwa ncha za vidole, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Hili umelishona wewe?"

"Mashine yake sijaigusa."

"Ni kipimo cha Chiriku."

"Nimekwambia sijaigusa, wifi."

"Njoo ulione." Sauti ya wifi ilikuwa imeshuka mpaka karibu inong'one. "Mikono imeshonwa mwisho, haina pa kutolea vidole. Na shingo haipo. Wifi, hili gauni halina pa kutolea kichwa."

Mama Chiriku aliushika upindo na kukitambua kitambaa. Kilikuwa kipande kilichobaki walipotandika jeneza. Alikuwa amekikunja na kukiweka chini kabisa ya sanduku lake la nguo, na ufunguo wa sanduku lile ulikuwa shingoni mwake.

Ndipo meza ikagongwa mara mbili.

"Bosi, uko?" ilisema sauti. Kisha, taratibu, kwa upendo, "Na dada yangu amekuja."

Wifi aliliachia gauni likaanguka. Machozi yalimjaa papo hapo, midomo ikafunguka kuitikia, maana nani asingeitikia. Kisha akajiziba kinywa kwa mikono yote miwili. Alipoweza kusema, hakuitazama mashine. Alimtazama wifi yake.

"Asubuhi, anapoanza," alinong'ona, "anasali?"

Mama Chiriku aliushika ufunguo uliokuwa shingoni mwake.

"Kaka yangu hakukanyaga mashine bila kusali. Hata siku mliyogombana akalala kwangu, alirudi akasali ndipo akakununia. Nakuuliza, huyu anasali?"

"Hapana."

"Basi mwambie asali."

Mvua ilizidi juu ya bati. Mama Chiriku alisimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, na akaelewa anachoombwa. Aliombwa aulize swali ambalo jibu lake angelazimika kuishi nalo. Alimtazama mtoto wake. Midomo ya Chiriku ilikuwa imepauka, na kitambaa alichokilalia kilikuwa kimelowa pande zote mbili za mabega yake, alama za viganja.

"Niko, fundi," alisema. "Sali kwanza, ndipo tuanze kazi."

Kanyagio la mashine ya marehemu likaanza kwenda, polepole, bila mguu.

"Sali, mume wangu. Kama ulivyozoea."

"Mikono," ilisema sauti, na ikakwama. Kanyagio likaongeza mwendo. "Mikono ni yangu. Kazi ni yangu. Na jioni yenu iko kwangu."

Wifi alianza kumwita Bwana, lakini maneno yalimkatika kooni kama mtu aliyebanwa. "Sema wewe," alisema kwa shida. "Wewe ndiye uliyemkaribisha. Mimi hapa mgeni."

Na sasa ile sauti haikutoka tena nyuma ya mashine bali ilitoka kwenye vitambaa, na chini ya meza, na karibu na sikio la mtoto, ikimwambia Mama Chiriku kwamba alimwomba Yule wa kanisani akanyimwa, na mwingine akaja bila kuombwa. Ikisema kwamba akimfukuza leo hataisikia sauti hii tena mpaka anazeeka na kuisahau, kwamba ataamka kila siku kwenye sindano tupu na kiti kitupu, na Yule wa kanisani hatamtilia hata uzi mmoja. Na kadiri ilivyosema ndivyo harufu ya ubichi ilivyozidi mpaka kuta zikaanza kutoa jasho, na gurudumu likazunguka kwa kasi bila mkanda, na gauni jeupe likajiburura sakafuni kuelekea alikolala Chiriku, likiwa limetuna kama lenye pumzi ndani. Kisha yote yakatulia ghafla, na ile sauti ikawa ndogo, ya mgonjwa, ya kitandani hospitalini.

"Bosi," ililia. "Usiniache peke yangu."

Mama Chiriku alisogea hatua moja. Aliinua mkono kuelekea kule ilikotoka sauti. Na mkono ukiwa hewani akakumbuka vidole vya mumewe juu ya vidole vyake jioni ile, na tabasamu, na alichosema.

Alisema hayuko peke yake.

Hakuwahi kuliwaza neno lile. Alilichukulia kuwa neno la kumtuliza mke, kumbe lilikuwa taarifa. Mtu anayekufa alimwambia ni nani aliyekuwapo naye chumbani, naye akatoka akaenda kulala.

Aliushusha mkono. Alikwenda kwenye mashine yake, akaushika ule uzi mweupe na kuuchomoa sindanoni. Ulikuwa baridi na ulitoka mrefu kuliko ilivyostahili. Akautupa. Alitia tone la mafuta kwenye gurudumu. Akaweka kiganja juu ya mashine, na akagundua kwamba maneno anayajua yote. Alikuwa ameyaitikia maisha yake yote ya ndoa, yakamwingia bila yeye kujua.

"Bwana, mikono ni yako," alisema. "Kazi ni yako, na jioni yetu iko kwako. Mume wangu yuko kwako. Kwa nini ulimchukua sijui, na bado inaniuma, sitakudanganya. Lakini yuko kwako. Na mtoto huyu ni wako. Huyu aliyeingia nilimkaribisha mimi. Ninamtoa kwa jina la Yesu."

Akakata uzi kutoka kwenye kibunda chake mwenyewe, akaulowesha kwa ulimi, akainama kuitia sindano.

Alikosa. Alikosa tena. Mwanga ulikuwa hafifu na macho yamejaa maji. Nyuma yake mumewe alimwita, akamsihi, akamkumbusha siku ya harusi yao, akacheka kile kicheko chake, akakohoa. Na kila alipokosa na kujaribu tena sauti ilitoka mbali zaidi, kutoka mlangoni, kutoka barazani, kutoka ndani ya mvua. Alitamani asikose tena, na alitamani asifanikiwe kamwe. Uzi ukapita.

Kukawa na mvua tu.

Chiriku aligeuka upande na kusema ana njaa. Wifi aliliokota gauni kwa koleo la mkaa wa pasi ili akalichome, na kwenye koleo likaachana vipande vipande, halina hata uzi mmoja wa mshono. Kisha wanawake wale wawili walikaa sakafuni, wakakumbatiana, wakamlilia yule mtu kama vile amekufa saa ile.

Chiriku sasa ni mama wa watu wazima, na ndiye aliyewasimulia wanawe. Kwao mtu akigonga hajibiwi karibu mpaka ataje yeye ni nani. Nyakati za mvua ndefu dirisha la nyumba ya zamani bado hugongwa mara mbili, kwa kitu cha chuma, na hakuna anayeitikia. Lakini anachokikumbuka yeye hasa ni asubuhi zilizofuata. Mama yake alifungua mlango, akasukuma dirisha, akaketi, akaitazama sindano. Ilikuwa tupu. Kila asubuhi ilikuwa tupu, na kila asubuhi mama yake aliitazama kwanza, akatia tone la mafuta, ndipo akaweka kiganja juu ya mashine.

"Asante, Bwana," alisema, na machozi yalimdondoka hapohapo, pamoja na yale mafuta.